Wimbo wa Tramu Tulioufanya wa Kilio

Sikusoma sana. Masista walinifundisha kuandika, kushona na kunyamaza, na hicho cha tatu sikukishika. Anayetaka historia ya muziki yenye maneno makubwa aende kwa wenye vyeti. Mimi naandika habari za wimbo mmoja tu, kwa sababu wimbo huo ulinitembeza Brussels kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, na kwa sababu ilibaki kidogo tu uniulie dada yangu.

Dada mkubwa sisi wa Kivu tunamwita yaya. Yaya wangu aliletwa kutoka Bukavu kwa ajili ya tumbo lake, mwaka ule Wabelgiji walipokuwa wakisherehekea miaka hamsini tangu jiji lao litoke mikononi mwa Wajerumani. Alikuwa na uvimbe. Binti yangu, ambaye kazi yake ni kutunza wagonjwa, na ndiye aliyetuweka sisi wazee wawili katika nyumba yake ya Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, alimpeleka kwa daktari. Daktari akasema uvimbe utolewe kabla ya baridi kuingia. Ukiachwa hautangoja mtu.

Yaya alikubali. Alikubali bila kelele, jambo ambalo si tabia yake. Alianza hata kujishonea gauni la hospitali, kwa kuwa alisikia yale ya pale yanaachwa wazi mgongoni na yeye hana nia ya kuonyesha Ulaya mgongo wake. Mambo yalikuwa yamenyooka. Ndipo jirani wa chini akatualika kwenda kula keki.

Huyo jirani ni bibi wa Kibelgiji, wa umri wetu au zaidi kidogo, aliyezaliwa katika nyumba ileile ilipokuwa ya baba yake, kabla haijakatwakatwa vyumba vya kupangisha. Tulimwita Madame tu. Alikuwa na miguu mibaya na mdomo mzuri. Akatuambia manispaa imeandaa sherehe ya wazee ukumbini, kahawa na keki ya wali, muziki kidogo, njooni, mtakauka huko juu kama nguo. Nikamwambia yaya twende. Mgonjwa naye anahitaji kuona watu.

Tukaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa vichwa vyeupe na vibendera vya karatasi. Mzee mmoja alikuwa na kodiani kifuani. Kahawa ilikuwa maji, keki ilikuwa nzuri. Yaya alikula kipande chake, akaanza changu. Yule mzee akapiga wimbo mmoja, watu wakapiga makofi, akapiga wa pili, kisha akavuta pumzi na kuanza wa tatu.

Mimi niliujua kabla hajafika mbali. Mkono wa yaya wenye uma ulisimama hewani.

Ulikuwa wimbo wetu wa kilio.

Lazima nieleze, maana mtu asiyetoka kwetu atadhani nafanya mchezo. Katika ukoo wetu, na katika nyumba nyingi za mtaa wetu kule Bukavu, kuna wimbo unaoimbwa maiti akiwa ndani ya nyumba, kabla hajatolewa. Hauimbwi siku nyingine. Mwanamke mkubwa wa nyumba ndiye anayeanza, amekaa chini, mkono juu ya sanduku au juu ya mkeka. Maneno ni machache: utuwekee nafasi, tunakuja, tunakuja, usimpe mwingine mahali petu. Waliosimama hujibu, na kila wakisema tunakuja husogea hatua moja karibu na maiti, mpaka wanamzunguka, na hapo ndipo wanaume huinua sanduku. Ukishaanza haukatwi katikati. Na hauimbwi bure. Nilipokuwa mtoto niliuvumisha nikiosha vyombo, mama yangu akanipiga na kile chombo nilichokuwa nikiosha. Kuimba wimbo huo pasipo maiti ni kutafuta wa kulala penye mkeka.

Katika ukoo wetu aliyekuwa anaanza ni yaya. Aliuanza kwa mama yetu, kwa mume wake, kwa watoto wake wawili. Sauti yake ni nzito na haitetemeki.

Sasa, pale ukumbini, wazee wa Kibelgiji walikuwa wameshikana viwiko, wanayumba kushoto na kulia kwenye viti vyao, wanaimba wimbo uleule huku povu la bia likiwa kwenye masharubu. Maneno ni ya Kifaransa lakini sauti ni ileile, hata pale inapopanda kisha inaanguka. Madame wetu ndiye aliyekuwa akiimba kwa nguvu kuliko wote, anapiga meza kwa kijiko. Nilisimama nikasema, "Nyamazeni!" Nilisema kwa Kiswahili, kwa hasira sikukumbuka lugha nyingine. Bibi mmoja mwenye kofia nyekundu akanishika mkono akidhani nataka kucheza.

Yaya akaweka uma chini, pembeni ya sahani, taratibu kabisa.

"Nani alikufa?" akaniuliza.

"Hakuna muntu alikufa. Banacheza tu."

"Mugonjwa ni nani hapa ndani?"

Nikasogeza sahani yangu pembeni.

"Bon," akasema. "Nipe koti yangu."

Kuanzia siku ile alilikunja lile gauni la hospitali akaliweka chini ya sanduku lake la nguo. Akasema haendi. Binti yangu alimsihi, akamletea picha kutoka hospitali za kuonyesha uvimbe, akalia. Yaya alimtazama kama mtu anayetazama mvua.

"Mutoto wangu, bamekwisha kuniimbia. Mukitaka kunipasua, mutapasua muntu mwenye anaenda. Muniache niende na tumbo yangu nzima."

"Lakini maman mkubwa, ile ni wimbo ya bazungu, iko ya mu bistrot, ya kunywea bia!"

"Ya mu bistrot? Papa yetu alitoa wimbo mu bistrot?"

Hapo ndipo penye ugumu. Wimbo ule tuliupata kwa baba. Baba alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya Hitler, tulipokuwa wadogo. Walipelekwa kwanza Uhabeshi, kisha mbali zaidi, Misri na kwingineko. Alirudi na koti zito, kikombe cha bati na huo wimbo. Juu ya vita hakusema kitu. Jirani yetu alipofiwa, baba alisimama mlangoni akauimba, na wanawake wakaushika, wakautia maneno ya Kiswahili aliyowapa baba. Kwa hiyo kwetu sisi ulikuwa mtakatifu kama rozari, na kwa yaya zaidi ya rozari.

Daktari alikwisha kutoa siku. Siku ile ilikuwa inakuja. Mimi si mtu wa kukaa na kulia na binti yangu jikoni. Nikasema moyoni: huyu mwanamke anakufa kwa ajili ya historia mbaya ya wimbo. Nitamtafutia historia nzuri. Nikimthibitishia kwamba wimbo ulizaliwa mahali pa vicheko, ataona hakuna aliyemwita, na gauni litatoka chini ya sanduku.

Niliona ni kazi ya siku chache. Sikujua watu wana ubishi kiasi gani juu ya wimbo.

Wa kwanza kumwuliza hakuwa Madame. Mimi na Madame tulikuwa hatusalimiani tena. Nilimwambia ngazini, kwa Kifaransa changu cha sokoni, kwamba amemharibia mgonjwa wangu, naye akasema hajawahi kusikia mtu aliyeharibiwa na keki ya wali. Kwa hiyo nilimwuliza mama mmoja Mtanzania wa Etterbeek, mke wa mtu wa ubalozi, tuliyesali naye misa moja. Nikamvumishia wimbo barazani mwa kanisa, kwa sauti ya chini, nikiwa nimejiombea msamaha kwanza.

Akafurahi. "Lakini mama, huu ni wimbo wetu! Tuliuimba shule ya msingi, siku za gwaride. Babu zetu walikuwa askari wa Mwingereza, ndio waliokuja nao. Actually ni wimbo wa kupanga mstari."

"Mstari wa nini?"

"Wa watoto. Left, right. Unapiga mguu pale penye kupanda."

Na akaupiga mguu kweli, na viatu vyake vya mchuchumio, mbele ya sanamu ya Mtakatifu Antoni.

Niliondoka na furaha. Nilipanda ngazi zote tatu bila kupumzika. Nikamwambia yaya: umeona, kule Tanzania ni wimbo wa watoto wa shule, wanapiga miguu, hakuna maiti.

Yaya alikuwa anachambua maharagwe. "Watanzania," akasema. "Nani aliwauliza?"

"Mimi!"

"Bantu bale banapangisha batoto mustari na wimbo ya kilio, na weye unakuja kuniambia na furaha."

Nikaenda kulala mchana.

Kisha binti yangu akanikumbusha kwamba Matonge, mtaa wa Wakongo, katika Galerie d'Ixelles, kuna saluni ya nywele ambayo mwenye nayo ana baba yake, mzee aliyepigana vita ileile akiwa katika jeshi la Congo. Kila alasiri anakaa humo, kwa sababu kuna joto na kuna wanawake. Nikaenda. Nilimkuta kati ya mashine mbili za kukaushia nywele, suti imepigwa pasi, kofia magotini, anawashauri wasichana juu ya waume. Nikamwamkia kama inavyotakiwa, nikasema mimi ni mtoto wa askari mwenzake, nikamweleza shida yangu. Alisikiliza vizuri. Nikavumisha. Wasichana wote wakanyamaza, na msusi, binti yake, akaacha kusuka kichwa kimoja upande wa kushoto.

"Ah, maman," akasema mzee. "Ile iko ya gramofoni."

Akasimulia. Kambi ilikuwa mchangani, huko Misri. Afisa wao, Mbelgiji, alikuwa na gramofoni na santuri chache alizotoka nazo kwao kabla Wajerumani hawajafunga njia. Jua liliziharibu moja baada ya nyingine, ikabaki hii moja, nayo imekwaruzika. Afisa aliipiga kila jioni. Askari walikuwa hawajui inasema nini zaidi ya maneno machache ambayo afisa aliwatafsiria, lakini sauti iliingia vichwani mwao kwa nguvu, wakawa wanaiimba kwenye malori, kwa Kilingala, kwa Kiswahili, kila mtu na uchafu wake.

Nilianza kutabasamu. Malori, uchafu, nilikuwa napata ninachotaka.

"Alors siku moja lori inaanguka," akaendelea. "Mwenzetu mmoja anakufa. Tunachimba shimo. Bon. Bakatoliki banasema tuimbe yetu. Baprotestanti banasema hapana, alikuwa wetu, tuimbe yetu. Kulikuwa na Baislamu, nao bana yao. Sergent anapiga kelele. Jua, maman! Ile jua! Maiti iko inangoja na sisi tunagombana juu ya shimo, karibu tupigane na bipawo bya kuchimbia. Halafu muntu mmoja anaanza ile ya gramofoni. Pole pole. Kwa sababu ile tuliijua bote. Hatukuwa na ingine yenye tulijua bote."

"Na muntu huyo alikuwa nani?"

"Alikuwa wa Kivu. Murefu. Na sauti."

"Alikuwa papa yetu?"

"Pengine. Pengine hapana. Batu ba Kivu bote balikuwa na sauti."

"Mimi ni wa Kivu na sina sauti!"

"Nimesikia, maman," akasema, na wasichana wakacheka mpaka mmoja akatokwa na kitana mkononi. "Kisha, kila mwenye tulizika, tuliimba ile ile. Hatukugombana tena."

Nilimshukuru. Nikatoka nikasimama nje penye mabasi, nina hasira kama simba. Nilikwenda kutafuta kicheko nikapewa kaburi. Kama ningempelekea yaya habari hii angesema, umeona, ni wimbo wa kuzikia tangu Misri. Kwa hiyo sikumpelekea. Nilimwambia mzee hayuko, amesafiri. Yaya akaninusa bega, akasema, "Unanuka mafuta ya nywele."

Siku ya daktari ilikuwa wiki ile. Yaya alikuwa amekonda usoni, na usiku nilimsikia akigeuka akitafuta upande usiouma. Alikuwa ananiagiza mambo: kitenge gani avishwe, viatu nani apewe. Na zaidi ya yote alikuwa na hasira nami kwa jambo ambalo si kosa langu.

"Nikifa hapa, nani ataanza wimbo?"

"Hufi."

"Ninauliza. Ni weye tu njo mukubwa baada yangu. Na sauti yako iko kama mulango. Nitatolewa mu nyumba na sauti ya mulango."

Hapo nikameza kiburi nikashuka kwa Madame.

Alifungua akiwa na aproni. Hakunisalimu, nami sikumsalimu. Nikamwambia: Madame, ule wimbo wa ukumbini, ni wimbo wa nini?

Ikawa kama nimefungua bomba. Kumbe ulikuwa wimbo wa jukwaani, wa kuchekesha. Majira ya baridi kabla ya Wajerumani kuja, vijana wa Ubelgiji walikuwa wameitwa jeshini, wamekaa mipakani wakingoja vita isiyofika, na huku mjini kumbi za nyimbo zilikuwa zimejaa. Mwimbaji mmoja mwanamke mnene alikuwa anatoka na kikapu cha mboga. Wimbo ni wa msichana aliye ndani ya tramu ya mwisho, ile treni ndogo ipitayo barabarani. Mpenzi wake askari amepata ruhusa, amemwambia, niwekee kiti, nakuja, usimpe mwingine mahali pangu. Msichana ameweka kikapu juu ya kiti. Anakuja mwanamume mwenye kitambi anataka kiti, msichana anakataa. Anakuja padri, anakataa. Anakuja kondakta mwenyewe, anampiga na kitunguu kirefu. Ukumbi mzima unaimba naye, nakuja, nakuja, na kupiga miguu. Wajerumani walipoingia, watu hawakuuacha. Ndiyo kwanza waliuimba zaidi, kwa sababu kila mtu alijua ni nani anayengojwa, na Mjerumani aliyekaa mstari wa mbele hakuweza kumkamata mtu kwa ajili ya kiti cha tramu.

Nilitaka kumbusu. Tramu! Kitunguu! Kitambi!

"Madame," nikasema, "panda nami juu. Mwimbie dada yangu wimbo wote, na vichekesho vyake vyote. Umchekeshe. Asipocheka hatakwenda hospitali, na asipokwenda hospitali atakufa."

Alitazama ngazi, akatazama miguu yake. "Ghorofa ya tatu," akasema. Akavua aproni.

Tulifika juu baada ya kupumzika kila palipo na kidirisha. Yaya alikuwa amekaa kitandani na shali. Nikamtafsiria kila kitu, tramu, askari, kikapu. Madame akachukua kapu letu la viazi, akaliweka juu ya kiti, akaanza. Sitasahau. Mwanamke wa miaka ile, miguu imevimba, alijaza mashavu akawa mtu wa kitambi. Alikunja mikono akawa padri. Alichukua kiazi kwa kukosa kitunguu akampiga kondakta ambaye hakuwepo. Mimi, ambaye sichekagi, nilicheka. Binti yangu alicheka akiwa mlangoni na koti la kazi.

Yaya alitazama kama afisa wa forodha anayetazama mzigo. Uso haukusogea.

Madame alifika mwisho, akainama kama wafanyavyo jukwaani. Tukapiga makofi.

"Mbona ananyamaza?" akasema yaya. "Wimbo haiishe pale."

"Imeisha, yaya."

"Haiishe. Mara tatu inapanda na kuanguka, mara ya ine inaanguka tu. Ile ya ine hakuimba. Umuulize."

Nikamwuliza, kwa aibu, maana ameshajichosha. Madame aliondoa kapu la viazi kwenye kiti akakaa yeye. Akasema ni kweli, kuna ubeti wa nne. Tramu imefika mwisho wa njia, watu wote wameshuka, kiti bado kina kikapu, na kondakta anamwambia msichana arudi kesho. Jukwaani ulikuwa wa kuchekesha nao, alisema. Lakini nyumbani kwao hawakuuimba.

"Kwa nini?" akauliza yaya, na swali hilo aliliuliza mwenyewe, kwa Kifaransa, neno moja.

Madame alikuwa na kaka. Kaka huyo ndiye aliyeuleta wimbo nyumbani baridi ile, aliuimba ngazini, ngazi hizihizi, akishuka kurudi kambini. Mwezi wa tano vita vikafika, na yeye hakurudi. Mama yao aliacha kiti chake mezani mpaka alipokufa. Hakuna mgeni aliyekikalia.

Nilitafsiri. Yaya akafikiri.

"Na bale bengine? Ba kule mu salle?"

Madame akahesabu kwa vidole. Yule wa kodiani, ndugu zake wawili. Bibi wa kofia nyekundu, mume, aliyechukuliwa Ujerumani. Fulani, mtoto. "Tunakutana tunauimba," akasema. "Tunakunywa kidogo. Tungeuimba wapi kwingine?"

Yaya alivuta shali mabegani.

"Donc maiti balikuwa mule ndani," akasema. "Bengi."

"Yaya, ninakuambia ni wimbo wa tramu!"

"Nimesikia tramu. Balikuwa na maiti zao, baliimbia maiti zao. Haikuwa bure. Donc haikuwa yangu."

Nilikaa kando ya kitanda. Mwezi mzima nimetembea. Nimevumisha wimbo wa kilio kanisani. Nimechekwa na wasichana wenye nywele nusu. Nimempandisha mlemavu wa miguu ghorofa tatu ili athibitishe kwamba watu wale walikuwa wanacheza, na sasa yaya ameridhika kwa kuwa hawakuwa wanacheza.

"Weye uliniambia banacheza," akaendelea, kana kwamba amesikia. "Nikajua unanificha. Nimeanza wimbo hii kwa bantu betu bote, sitajua muntu mwenye analia na mwenye anacheza? Baliimba na kilio, na sikuona maiti. Njo vile niliogopa."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

"Ulikuwa na Watanzania."

Basi nikamwambia na habari ya mzee wa saluni, yote, shimo, vipawo, mtu mrefu wa Kivu. Aliitikia kwa kichwa. "Papa alikuwa murefu," akasema. Hakuniuliza kwa nini nilisema mzee amesafiri.

Kisha akamgeukia Madame, akamwonyesha kwa kidole, akaniambia nitafsiri: kwetu wimbo huu haukatwi. Ukiukata, aliyekwenda anabaki njiani. Amemwacha kaka yake njiani miaka hii yote. Amalize.

Madame akasema hapana. Nilitafsiri hapana. Yaya akasema atangoja. Tukangoja. Kwenye barabara tramu ilipita, ya kweli, glasi zikalia kabatini kama kawaida. Halafu Madame akauimba ule ubeti wa nne, amekaa, mikono mapajani, bila kitambi, bila padri. Alipofika penye nakuja, nakuja, yaya alinyoosha mkono akaushika mgongo wa kile kiti, akajibu kwa maneno yetu, kwa sauti ileile ambayo haitetemeki. Binti yangu alisogea hatua. Mimi pia nilisogea. Sikuimba, nilijua nafasi yangu.

Walipomaliza yaya alisema, "Bon. Hospitali ni siku gani?"

Gauni lilitoka chini ya sanduku. Lilikuwa na makunyanzi, nikalipiga pasi mimi. Asubuhi ya kwenda, yaya alisimama ngazini mbele ya mlango wa Madame akaacha maagizo yake ya mwisho: nikifa, huyu njo ataanza, hapana huyu. Huyu wa pili nilikuwa mimi, nimembebea mfuko.

Hakufa. Walimtoa uvimbe mkubwa kama kiazi kitamu, daktari akasema wamewahi. Alirudi na kovu ambalo anamwonyesha kila anayeingia, mgongo wake ambao Ulaya haikustahili kuuona ameusahau.

Na sasa sipati amani. Madame hupanda, au yaya hushuka, wanakaa wakimenya viazi, na mmoja anaanza na mwingine anajibu, Kifaransa huku, Kiswahili huku, beti zote nne. Jikoni! Mchana! Vyombo mkononi! Mimi niliyepigwa na sufuria kwa wimbo huo huo. Juzi nilishindwa kuvumilia. Nikasimama mlangoni nikasema, "Yaya, mama alisema hauimbwi bila maiti mu nyumba."

Hakuacha hata kumenya. "Nyumba hii ina maiti yake," akasema, akamwonyesha Madame kwa kisu. "Kaka yake alizaliwa hapa. Weye unaishi mu nyumba ya bantu na haujue? Funga mulango, baridi inaingia."

Nikaufunga. Nilikuwa upande wa nje.